Siha Nyumbani: Homa Si Jina la Maradhi



Miongoni mwa barua zilizotufikia mwezi huu iko moja ya mama mmoja wa wilaya ya Handeni. Tumeisoma zaidi ya mara moja, na tumeona haifai kumjibu yeye peke yake, maana swali lake ni swali la nyumba nyingi. Jina lake tumelificha, na kijiji chake hatukitaji. Yaliyomo twayaeleza kwa maneno yetu.

Mama huyu ana mtoto wa kiume wa miaka mitatu. Mtoto alishikwa na homa, na siku ya pili homa ikazidi. Akampeleka zahanati iliyo karibu. Huko mtoto akatobolewa kidole, likatoka tone la damu, na baada ya muda mfupi mama akaambiwa, "Hana malaria." Akapewa dawa ya kushusha homa, akarudi nyumbani. Mama mkwe alimlaki mlangoni. Aliposikia habari alisema, "Mtoto anaungua kama kaa la moto, nao wasema hana malaria? Basi ana nini? Wamemtoboa mtoto bure." Jioni ile ile dawa ya mseto ikanunuliwa dukani, mtoto akanyweshwa. Siku mbili zikapita kwa kungoja dawa ifanye kazi. Usiku wa pili mtoto akaanza kuhema mbio mbio, kifua kikibonyea chini ya mbavu kila avutapo pumzi. Alfajiri wakapanda gari kwenda Korogwe, aliko kaka yake mama, mji ulio mbali na Handeni mjini kwa kilomita zipatazo 65. Hospitalini ikaonekana kuwa ni kichomi. Mtoto alilazwa siku nyingi, na kwa rehema ya Mwenyezi Mungu akapona.

Mama anatuuliza mambo matatu. La kwanza, ikiwa kipimo kilisema kweli, mbona homa ilikuwa kali namna ile? La pili, mama mkwe asema kwamba tangu zamani watu hutolewa damu na wageni, wala haijulikani damu ile huenda wapi. Je, damu ya mtoto hufanywa nini? La tatu, mwezi wa Ramadhani ukiingia naye akaugua mchana, je, kupimwa damu kutamharibia saumu yake?

Haya ni maswali ya mtu mwenye akili, nasi tutayajibu moja moja.

Tuanze na la kwanza. Homa si maradhi. Homa ni ishara ya maradhi. Ni kama moshi juu ya paa. Auonaye moshi ajua kuwa ndani pana moto, lakini hajui kama ni jiko la mpishi au ni nyumba inayoungua mpaka aingie atazame. Malaria huleta homa. Kichomi huleta homa. Homa ya matumbo, homa ya uti wa mgongo, surua, homa ya papasi, maradhi ya njia ya mkojo, na hata sikio la mtoto linapofanya usaha, yote haya huweza kuanza kwa mwili kupata moto. Mkono wa mama ukiwekwa juu ya paji la uso waweza kumwambia kuwa pana homa. Hauwezi kumwambia ni homa ya nini. Wala mkono wa daktari hauwezi. Ndiyo maana damu hutazamwa.

Kuna wasomaji watakaosema kwamba hizi ni hoja tu. Basi natuzitazame hesabu. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika hospitali 10 za kaskazini-mashariki ya Tanzania, ndizo pande zetu hizi. Walihesabiwa wagonjwa 4,474 waliolazwa wakiwa mahututi na kutibiwa malaria, wengi wao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano. Damu zao zilipotazamwa upya kwa uangalifu, waliokuwa na vijidudu vya malaria walikuwa 2,062, yaani hawakufika nusu. Waliobaki walikuwa wakitibiwa maradhi ambayo hayakuonekana katika damu yao.

Na sasa twaomba kila mzazi asome hesabu inayofuata taratibu. Katika kila wagonjwa 100 waliokuwa na vijidudu vya malaria, walikufa karibu 7. Katika kila wagonjwa 100 waliokuwa hawana, walikufa 12. Waliokosa malaria walikufa zaidi kuliko waliokuwa nayo! Msomaji aweza kustaajabu, lakini sababu haiko mbali. Wenye malaria walipewa dawa ya maradhi yao. Wale wengine walikuwa na maradhi mengine, na kiasi cha theluthi mbili yao hawakupewa dawa za kuua bakteria, zile ambazo huponya kichomi na mfano wake. Neno "malaria" lilikuwa limekwisha tamkwa, na likishatamkwa, aghalabu hakuna atazamaye kwingine.

Hatumlaumu mama mkwe. Yeye alilea watoto wake katika zama ambazo hospitali zenyewe zilifundisha kwamba mtoto mdogo mwenye homa, katika nchi yenye malaria nyingi, atibiwe malaria bila kungoja. Mafundisho yale hayakuwa ya upuuzi. Mwaka 2003, katika vijiji vya bondeni vya wilaya ya Korogwe vilivyochunguzwa, watu 78 katika kila 100 waliopimwa walikutwa na vijidudu vya malaria katika damu. Mahali kama hapo, mwenye kubahatisha malaria hupata mara nyingi kuliko anavyokosa. Lakini mwaka 2008 vijiji vile vile vilipopimwa, walipatikana watu 13 tu katika 100. Vyandarua vyenye dawa na dawa bora zaidi vilichangia katika kupungua huko. Mwaka 2013 watoto zaidi ya 800 wenye homa walichunguzwa katika hospitali ya wilaya ya Korogwe, na waliokuwa na malaria walikuwa sehemu ndogo tu. Kadhalika Dar es Salaam na Ifakara, ambako watoto 1,005 wenye homa walichunguzwa mwaka 2008, malaria ilionekana kwa mmoja katika kila kumi hivi, na wengi wao walikuwa na maradhi ya kifua na njia ya pumzi.

Basi bibi hakukosa akili. Alikuwa na elimu ya nchi jinsi ilivyokuwa, na nchi imebadilika. Kadiri malaria inavyopungua, ndivyo kubahatisha kunavyozidi kuwa hatari, kwa kuwa homa iliyobaki ina majina mengine.

Hapo ndipo tunapofika penye kiini cha jambo. Watu wengi hudhani kwamba kipimo kikisema "hana" basi hakikusema kitu, kana kwamba kazi imeharibika na kidole kimetobolewa bure. Sivyo. "Hana" ni jawabu. Kadhi akiletewa mshitakiwa, na mashahidi wa kweli wakathibitisha kuwa mtu huyu siye aliyeiba, kadhi hamfungi kwa sababu tu mali imeibiwa na watu wana hasira. Humwachilia, kisha huamrisha mwizi atafutwe. Na lau angemfunga yule asiye na hatia, mwizi wa kweli angeendelea kuzunguka mjini kwa furaha, maana hakuna tena amtafutaye. Mtoto wa mama yetu alikuwa na mwizi kifuani mwake, na kwa siku mbili nyumba nzima ilikuwa imemfunga mbu.

Lakini ni haki pia tuseme upande wa pili. Aliyemwambia mama, "Hana malaria," alisema kweli, ila alisema nusu. Alipaswa kuendelea: "Hana malaria; kwa hiyo na tutazame kifua, masikio, koo na mkojo; na ukiona dalili hizi na hizi, rudi upesi hata kama ni usiku." Pengine siku ile kichomi kilikuwa hakijajitokeza, nasi hatuwezi kumhukumu mtu ambaye hatukumsikia. Lakini mama aliyeondoka na neno moja tu, "hana", aliachiwa nafasi tupu, na nafasi tupu haikosi mtu wa kuijaza. Waganga na wauguzi wasomao ukurasa huu, twawaomba wasimrudishe mama nyumbani bila kumpa nusu ya pili ya maneno.

Sasa twaja katika swali la pili: damu huenda wapi? Swali hili lina mizizi mirefu katika nchi yetu, na hatupendi kulijibu kwa kicheko.

Hata kufika mwaka 1880 wataalamu wengi wa Ulaya waliamini kwamba malaria hutokana na hewa mbaya ya mabwawa. Na jina lenyewe maana yake ni hiyo, hewa mbaya. Tarehe 6 Novemba ya mwaka ule, daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, akiwa Constantine katika nchi ya Algeria, alitazama kwa hadubini damu ya askari mgonjwa, akaona ndani yake viumbe hai vikijisogeza. Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa India, alivikuta viumbe vya namna hiyo ndani ya tumbo la mbu.

Mwaka huo huo Robert Koch, Mjerumani aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, alifika Dar es Salaam, akafanya kazi ya uchunguzi katika nchi hii hata mwaka 1898. Katika habari alizoandika liko jambo moja linalotuhusu sana. Alisikia kwamba watu wa milima ya Usambara, waliposhuka bondeni wakarudi na homa, waliiita homa ile "mbu", kwa jina la mdudu aliyewauma huko. Korogwe iko chini ya milima hiyo. Basi wazee wa pande hizi walikuwa wamekwisha shika nusu ya kweli bila ya hadubini wala chuo. Iliyobaki ni nusu ya pili: kujua, kati ya watu kumi wenye homa, ni nani hasa aliyepewa homa na mbu, na ni nani aliyeipata kwingine. Hiyo haikuweza kujulikana ila kwa kutazama damu.

Kuanzia mwaka 1901 madaktari wa Kijerumani waliijaribu njia ya Koch mjini Dar es Salaam. Walipima damu za wakazi mtaa kwa mtaa, na walioonekana na vijidudu wakapewa kwinini. Mwaka 1905 Koch alirudi, na mara hii alichunguza homa ya papasi. Papasi, kama wajuavyo wenye nyumba za udongo, hujificha mchana katika vumbi la sakafu na nyufa za ukuta, na usiku hutoka kuuma. Koch aliwakusanya katika vibanda walimolala watu wa misafara, akavikuta vijidudu vya homa hiyo ndani yao na hata ndani ya mayai yao. Homa ya papasi na malaria hufanana sana machoni: baridi, jasho, kichwa kuuma, homa kuondoka na kurudi. Lakini kwinini iponyayo malaria haiponyi homa ya papasi. Mtu angeweza kunywa kwinini mpaka masikio yakavuma, na papasi asijali. Hapo faida ya kutazama damu ikawa dhahiri kwa kila mwenye macho.

Katika mkoa wa Tanga kazi hii iliendelea. Katika miaka ya 1930 Dk. Donald Bagster Wilson alipima damu za watu wa vijiji vya karibu na Muheza, wakubwa kwa wadogo, akaonyesha kwamba vijidudu hujaa zaidi katika damu ya watoto wadogo, na kwamba mtu mzima aliyekulia hapo huweza kuwa navyo bila kuugua sana. Mwaka 1949 alisimamia kitengo cha malaria kilichoanzishwa Muheza, na miaka michache baadaye kitengo hicho kikahamia Amani, mlimani, mahali ambapo Wajerumani walikuwa wameanzisha chuo cha utafiti wa mimea mwaka 1902. Siku hizi kazi hiyo iko mikononi mwa Watanzania wenyewe, chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, na ambayo ina maabara Korogwe.

Tumeyaeleza haya ili jambo moja lionekane. Wale waliotobolewa vidole katika vijiji vile, majina yao hayamo katika vitabu, na mara nyingi hawakuelezwa sababu. Alikuja mgeni na vioo na sindano, akachukua damu, akaenda zake. Mtu asiyeelezwa hujieleza mwenyewe. Ndipo pwani yote na bara yake zikaenea habari za mumiani, watu wasemwao kuwa hunyonya damu za wenzao wapate kuitengeneza dawa. Habari zile hazikuwa za kweli, lakini hofu iliyozizaa ilikuwa na sababu, na dawa ya hofu kama ile ni maelezo. Mama mkwe akiuliza damu huenda wapi, anauliza lililopasa kuelezwa tangu zamani.

Basi damu huenda hapa. Ikiwa ni kipimo cha hadubini, tone huwekwa juu ya kipande cha kioo, sehemu moja nene na sehemu moja iliyotandazwa nyembamba. Hukaushwa, kisha humwagiwa rangi, aghalabu ile iliyotengenezwa na Gustav Giemsa wa Hamburg mwaka 1904, ambayo huwatia vijidudu rangi ya zambarau wapate kuonekana. Mtaalamu hukitazama kioo sehemu baada ya sehemu, na haimpasi kusema "hana" mpaka atazame sehemu zipatazo 100. Ile nene humwonyesha kama vijidudu vipo. Ile nyembamba humwonyesha ni vya aina gani. Kazi ikiisha, damu ile haifai tena kwa kitu chochote.

Ikiwa ni kipimo cha haraka, kama alichopimwa mtoto wa Handeni, tone huwekwa katika kidirisha kidogo cha kibao cha plastiki, yakaongezwa matone ya maji maalumu. Damu husafiri juu ya kipande cha karatasi kilicho ndani. Kijidudu cha malaria hutoa kitu chake katika damu, na karatasi imetiwa dawa ya kukinasa kitu hicho. Baada ya dakika 15 hadi 20 hivi husomwa mistari. Mstari mmoja tu, ule ulio penye herufi C, maana yake kipimo ni kizima na vijidudu havikuonekana. Mistari miwili maana yake vimeonekana. Pasipokuwa na mstari wa C, kipimo kimeharibika, kirudiwe. Mama ana haki ya kuomba aonyeshwe mistari hiyo kwa macho yake, na ana haki ya kuona sindano ikitolewa mpya katika karatasi yake. Na damu yenyewe ni kiasi gani? Kijiko kimoja cha chai kingetosha kupimia watu wapatao 1,000. Hicho ndicho alichotolewa mtoto: sehemu moja katika elfu ya kijiko.

Wala hatusemi kwamba kipimo hakikosei. Kibao kilichokaa juani au kilichopitwa na wakati wake chaweza kudanganya. Vijidudu vikiwa vichache sana vyaweza kutoonekana. Na kile kitu kinachonaswa na karatasi huweza kubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya malaria kupona, hata kipimo kikasema "anayo" ilhali imekwisha. Kwa hiyo mgonjwa amweleze mpimaji kama alitibiwa malaria hivi karibuni. Na homa ikiendelea, apimwe tena. Lakini shahidi akoseaye mara chache ni bora kuliko kukosa shahidi kabisa.

Swali la tatu ni la saumu. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu katika Afrika ya Mashariki, wanasema kwamba kutoka damu kwa kuumikwa hakufunguzi, na wanategemea hadithi iliyopokewa na Ibn Abbas kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliumikwa hali amefunga. Ikiwa kuumikwa, ambako hutoa damu nyingi, hakufunguzi, basi tone la kidole ni jepesi zaidi. Apimwe wala asiwe na wasiwasi. Damu iliyogusa kidole ioshwe kabla ya Sala. Na mgonjwa ambaye saumu yamdhuru, au imemlazimu kunywa dawa mchana, huyo ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, wala asijitese kwa kudhani kwamba mateso ni ibada. Ama mtoto mdogo hana saumu. Kumchelewesha mtoto mgonjwa mpaka magharibi kwa sababu wazazi wamefunga ni kosa.

Baada ya majibu hayo, twaona yafaa tuandike machache ya kuwekwa nyumbani.

Kwanza, mtoto akipata homa apelekwe apimwe siku ile ile au ya pili yake, wala dawa ya malaria isitangulie kipimo. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limeagiza kwamba kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza. Dawa itumiwayo ovyo huwafundisha vijidudu kuizoea. Klorokwini, iliyokuwa ikiaminiwa na kila nyumba, Tanzania Bara iliiacha kuwa dawa ya kwanza mwaka 2001 kwa sababu hiyo, na iliyofuata nayo haikudumu; baadaye serikali ikaamua kuingia dawa ya mseto. Mseto nao tukiupoteza, hatujui tutakimbilia wapi.

Pili, kipimo kikisema "anayo", dawa inywewe yote mpaka iishe, hata kama mtoto ameanza kucheza siku ya pili. Iliyobaki isiwekewe mtoto wa jirani.

Tatu, kipimo kikisema "hana", mama asiondoke. Aulize, "Basi homa hii ni ya nini, na kifua kimetazamwa?" Swali hilo si ukosefu wa adabu. Kisha aulize ni dalili gani zikitokea arudi.

Nne, mama na ajifunze kuhesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, kifua chake kitazamwe kwa dakika moja nzima kwa saa. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano akihema mara 40 au zaidi, apelekwe. Wa miezi miwili hadi mwaka, mara 50 au zaidi. Mchanga wa chini ya miezi miwili, mara 60 au zaidi. Kifua kikibonyea chini ya mbavu avutapo pumzi, asingojwe hata saa moja.

Tano, mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyeshikwa na degedege, au aliyelegea hata haamki sawasawa, huyo apelekwe hospitali papo hapo. Hapo si pahali pa duka wala pa ushauri wa jirani.

Mama yetu wa Handeni, hatukuona katika barua yako mzazi mzembe. Tumeona mzazi aliyekwenda kupima siku ya pili, na aliyepanda gari alfajiri bila kungoja jua. Kosa lilikuwa moja, nalo ni la wengi: jawabu lilipatikana likadhaniwa si jawabu. Tunakuomba ukurasa huu umsomee mama mkwe wako taratibu, tena kwa heshima. Mwambie kwamba swali lake kuhusu damu lilikuwa la haki, na hilo ndilo lililotufanya tuandike mengi kuliko tulivyokusudia. Mwambie pia kwamba wazee wa milima ile iliyo ng'ambo ya Korogwe waliita homa kwa jina la mbu, nao walikuwa na haki. Ila si kila homa ni ya mbu, na homa ya mjukuu wake haikuwa yake.

Na siku mtoto atakapopata homa tena, nendeni naye nyote wawili, bibi na mama. Mmoja amshike mtoto mkono, na mwingine aitazame ile mistari.

Wabillahi tawfiq.